Bure na Huru

Fundi alinirudishia laptopu yangu bila hata kushika bisibisi. Ilikuwa Oktoba 2025, kwenye kibanda chake hapa Kitengela, hatua chache kutoka steji. Aliigeuza, akasoma stika ya chini, akaniangalia vile daktari huangalia mgonjwa wa watu wengine.

"Buda, hii ni ya kizazi cha sita. Windows 11 haiingii hapa. Na Windows 10 ndiyo hiyo imefika mwisho. Ongeza ishirini na mbili nikupee hii ingine."

Laptopu haikuwa imeharibika. Kioo kizima, kibodi nzima, betri inashika saa mbili, na saa mbili si haba stima ikipotea. Niliinunua elfu kumi na saba nikiingia chuo, mashine ya ex-UK iliyokuwa imeshamaliza kazi katika ofisi fulani ya Uingereza kabla haijapakiwa kwenye kontena. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipogoma. Laptopu ikabaki, na tangu hapo ndiyo inalipa kodi ya nyumba: naandika makala za watu, nahariri, natafsiri. Sasa naambiwa imekufa, na haiumwi popote.

Tarehe ya kifo ilikuwa imetangazwa mapema. Microsoft ilisema msaada wa kawaida wa Windows 10 ungeisha 14 Oktoba 2025, isipokuwa muda wa nyongeza kwa watakaojiandikisha. Windows 11, iliyotoka 2021, inataka rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Ukizunguka vibanda vya Kitengela utaona maana ya sentensi hiyo: rafu kwa rafu za mashine nzima ambazo karatasi inasema ni za kutupwa.

Sikuwa na ishirini na mbili. Nilitembea kurudi nyumbani nikimkumbuka mjomba wangu wa Kajiado na sidii yake.

*

Mjomba alikuwa mwalimu wa sekondari. Nikiwa darasa la tatu, mwaka 2008, tulienda kwake likizo nikaona juu ya redio bahasha ndogo ya karatasi ngumu, ina picha ya watu na neno moja: Ubuntu. Alinieleza kwamba aliiagiza kwa kompyuta ya cyber, ikatoka Ulaya, ikafika kwenye sanduku la posta la shule, na hakulipa hata ndururu. Nilimuuliza kwa nini Wazungu wampe kitu bure.

"Si ya bure," akasema. "Ni huru."

Nilidhani ni maneno ya mwalimu. Miaka kumi na saba baadaye, nikiwa na laptopu iliyokataliwa, ndipo nilianza kusoma nione alimaanisha nini.

Waliobuni jambo hili walisumbuliwa sana na lugha yao. Kiingereza kina neno moja la kitu kisicholipiwa na mtu asiyefungwa. Kwa hiyo tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakijieleza upya kila siku: hatuzungumzii bei, tunazungumzia uhuru. Sisi hatuna shida hiyo. Kiswahili kina bure na kina huru, na hakuna mtu amewahi kuchanganya Siku ya Madaraka na soda ya ofa. Tena kwetu bure ina harufu mbaya. Mtu akikuambia "wewe ni bure kabisa," hajakusifu. Ukihangaika bila matunda, umehangaika bure. Ndiyo maana ukimwambia mse wa hapa kwamba kuna mfumo endeshi wa bure, yaani ile programu inayoamka kwanza ukiwasha mashine na kuziendesha zingine zote, anashuku papo hapo. Kina kasoro gani? Watsomi wa kompyuta wanaoandika Kiswahili walichagua neno zuri zaidi: programu huria.

*

Hadithi huanza na printa. Karibu mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa mtaalamu wa programu katika chuo cha MIT, Marekani. Maabara yao ilipewa printa mpya ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Printa ya awali walikuwa wameifanyia ujanja: waliongeza mistari ya programu ili ikikwama iwatumie ujumbe. Ya mpya hawakuweza, kwa sababu kampuni haikutoa msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu imeandikwa kwayo. Stallman akamwendea mtu aliyekuwa nao, akanyimwa: jamaa alikuwa ametia saini ya kutogawa.

Septemba 1983 Stallman akatangaza kwamba ataandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu angeweza kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuugawa. Akauita GNU. Mwaka 1989 akatoa leseni yake, GPL. Hii leseni ndiyo roho ya mambo. Inakuruhusu kufanya utakalo, ila ukiwagawia wengine programu uliyoibadilisha, lazima uwape msimbo wake na haki zilezile ulizopewa wewe. Huwezi kuingia, ukachukua, kisha ukafunga lango nyuma yako.

GNU ilikamilika karibu yote ila kiini, sehemu inayozungumza na chuma chenyewe. Kiini kikatoka Helsinki, kwa mwanafunzi wa miaka 21. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds aliwaandikia wenzake kwenye mtandao kwamba anatengeneza mfumo wa kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa. Mwaka uliofuata akauweka chini ya GPL. Viwili vikaunganishwa, na watu wengi wanauita mchanganyiko huo Linux. Mwaka 1993 ikaanzishwa Debian, mkusanyo wa Linux unaotunzwa na watu wa kujitolea duniani kote.

Kutoka hapo hadithi inarudi Afrika. Mark Shuttleworth, Mwafrika Kusini, aliuza kampuni yake Thawte mwaka 1999 kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka 2002 akaenda anga za juu. Aliporudi alichukua Debian, akairahisisha, na Oktoba 2004 akatoa toleo la kwanza la mfumo alioupa jina la Kizulu na Kixhosa: ubuntu. Neno hilo ni binamu wa utu wetu. Toa viambishi, mzizi ni uleule uliomo ndani ya mtu. Na kwa kuwa alijua watu wengi hawana intaneti ya kupakua sidii nzima, kampuni yake ikaanza kuzituma kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Ndivyo moja ilivyofika Kajiado.

*

Kumbuka Kenya ya wakati huo. Intaneti ilikuja kwa setilaiti, ghali na ya kusubiri. Nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, hazikutua Mombasa hadi 2009. Programu tulizipata kwa njia nyingine: nakala. Shirika la makampuni ya programu, BSA, lilikadiria kwamba mwaka 2011 karibu programu nane kati ya kila kumi zilizowekwa kwenye kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni. Shirika hilo lina maslahi yake, lakini nani kati yetu atabisha? Windows yangu ya kwanza iliwekwa na mtu kwa mia tatu, pamoja na kiprogramu cha kuidanganya kwamba imelipiwa. Kiprogramu hicho kilileta wageni wake, na muhula mmoja nilipoteza kazi zangu zote za kozi. Hiyo ndiyo bure niliyoizoea.

Mwaka uleule wa 2004 kulitokea jambo Dar es Salaam ambalo sikuwahi kufundishwa popote. Idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, ilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Walichukua OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupiga hesabu, wakaitafsiri yote kwa Kiswahili. Desemba 2004 wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji ruhusa ya mtu, kwa sababu ruhusa ilikuwa imeandikwa ndani ya leseni. Microsoft nayo ilitangaza mwaka huo kwamba ingeleta programu zake kwa Kiswahili. Ghafla lugha yetu ilikuwa inagombaniwa.

Fikiria kazi ya kukaa mezani na kuamua mambo haya. Kupakua ni kile mpagazi anafanya na shehena bandarini na mama anafanya na wali kwenye sufuria. Leo ni kile unafanya na filamu usiku bando likiwa nafuu. Kipanya ni panya mdogo. Kivinjari kinatoka kwa kuvinjari, kutembeatembea ukiangalia. Baadhi ya maneno yalishika, mengine yalibaki vitabuni. Tarakilishi bado inapigana na kompyuta na tunajua nani anashinda. Lakini kuna watu waliokaa wakachagua.

Februari 2006 wapenzi wa programu huria kutoka bara zima walikutana Nairobi. Mkutano huo uliandaliwa na shirika la FOSSFA na ulikuwa wa pili wa aina yake. Wa kwanza ulifanyika Cape Town mwaka 2004. Jina la mikutano hiyo ni Idlelo, neno la kusini linalomaanisha malisho ya pamoja, mahali ambapo ng'ombe wa kijiji kizima hula.

Niliposoma hilo niliacha kidogo nikaangalia nje ya dirisha. Ninapoishi palikuwa malisho ya pamoja. Kitengela ilikuwa ranchi ya kikundi ya Wamaasai, mfumo uliowekwa na sheria ya 1968, na wanyama wa Mbuga ya Nairobi walipita hapa kwenda kusini kila msimu wa mvua. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 ranchi ikagawanywa, kila mwanachama akapata hati yake. Sheria ya viwanda vya EPZ ikaja 1990, viwanda vikajengwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Ekari zikawa ploti, ploti zikawa ghorofa. Mimi ni mpangaji katika moja ya ghorofa hizo, kwa hiyo sina ulimi wa kulaumu ua nilioujengea maisha. Lakini ukiishi hapa unajua vizuri kwamba malisho ya pamoja hayafi kwa siku moja. Huanza na ua mmoja.

Leseni za aina hii ni sheria ya kuzuia ua huo wa kwanza, na zimewahi kujaribiwa. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ilinunua Sun, iliyokuwa ikitunza OpenOffice. Waandishi wengi wa programu hiyo hawakuipenda hali. Septemba ya mwaka huo wakachukua msimbo wote, kihalali kabisa, wakahamia pengine na kuiita LibreOffice. Ndiyo ninayoitumia kuandika makala hii.

*

Basi kwa nini fundi wangu hakuitaja Linux hata kwa bahati mbaya?

Si kwamba haikuja. Ilikuja na kuingia kila mahali isipokuwa mezani. Simu za Android zinaendeshwa na kiini kilekile cha Torvalds. Huawei IDEOS ilipoingia Kenya mwaka 2011 kwa karibu elfu nane, Wakenya wengi walinunua Linux bila kujua. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani zinatumia Linux. Na si kwamba sisi ni walaji tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati nchi inaungua, Wakenya wachache walitengeneza Ushahidi, ramani ya kupokea taarifa za ghasia. Waliiachilia kama programu huria, na 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika nchi nyingi, ulianzia kwenye kazi ya AMPATH kule Eldoret.

Lakini meza ya nyumbani na ya shule ni hadithi nyingine. Mjomba aliweka Ubuntu kwenye kompyuta nne za shule yake. Wanafunzi waliipenda, haikuingiwa na virusi vya flashi. Shida ilikuwa kitabu. Kitabu cha somo la kompyuta kilikuwa na picha za Windows, na mtoto akiambiwa abonyeze kitu kilicho pembeni kushoto, kwake hakikuwa pembeni kushoto. Mtihani ukakaribia, wazazi wakauliza, na mwishowe fundi akaja na nakala zake za mia tatu. Zile sidii za posta nazo zilisimamishwa 2011. Kampuni ndiyo iliyokuwa ikizilipia, na siku ilipoamua basi, basi.

Jambo OpenOffice ilipata hatima ya upole zaidi, na kwangu ya kuumiza zaidi. Hakuna aliyeifunga. OpenOffice iliendelea kubadilika toleo baada ya toleo, na tafsiri ya Kiswahili ilihitaji watu wa kuifuata. Ufadhili wa mradi uliisha. Nilipoiweka Linux yangu kwa Kiswahili, menyu zilitoka nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kama tangazo la matatu. Ndani ya mfumo kuna hata Kiswahili mbili zinazotambuliwa, sw_KE na sw_TZ, kila moja na sarafu yake. Malisho yako wazi, ila nyasi zimeota hadi kiunoni.

*

Nilichofanya na laptopu ni kitu cha usiku mbili. Kwanza kuchagua. Linux haiko moja; kuna mamia ya mikusanyo, na mgeni hupotea hapo. Nilijiuliza maswali matatu tu: mashine yangu ina RAM kiasi gani, nataka ifanane na nini, na nikikwama nani ameshakwama kabla yangu. RAM ilikuwa gigabaiti nne. Nilitaka ifanane na nilichozoea. Nikachukua Linux Mint, iliyoanzishwa 2006 juu ya mgongo wa Ubuntu, ambayo nayo iko juu ya Debian; na katika Mint nikachagua ile nyepesi, yenye Xfce.

Faili ilikuwa karibu gigabaiti tatu. Niliipakua usiku, nikaiandika kwenye flashi, nikawasha mashine nikibonyeza F12. Uzuri ni kwamba inakimbia kutoka kwa flashi bila kugusa diski, kwa hiyo unaijaribu kwanza kama nguo. Wai-Fai ikashika. Sauti ikatoka. Mwangaza wa kioo ukapungua nilipobonyeza. Hapo ndipo nilihamisha kazi zangu kwenye diski ya nje na kukubali ifute kila kitu.

Sitakudanganya kwamba ni mteremko. Fonti ya Calibri haikuwepo; inayowekwa badala yake inakaa vizuri, ila mteja mmoja alirudisha faili akisema kurasa zimehama, na sasa kila kazi naituma pia kwa PDF. Programu moja ya picha niliyoizoea haina toleo la Linux, nikajifunza nyingine huku nikinung'unika. Printa ya cyber ya jirani bado hatuelewani. Na mara ya kwanza niliponakili amri kutoka mtandaoni bila kuisoma, niliharibu mpangilio wa sauti na nikakaa siku mbili kimya. Lakini mashine inawaka kwa haraka kuliko ilivyowaka siku niliyoinunua, na kuipandisha toleo ni mimi naamua lini.

Jumamosi moja nilipanda matatu hadi Kajiado, kupitia Isinya, nimwonyeshe mjomba. Aliivaa miwani, akazunguka ndani ya menyu polepole. Alipofika kwenye neno moja la Kiswahili akacheka. "Hii tafsiri ni mbaya. Nani aliandika?"

Nikamwambia mtu wa kujitolea, na kwamba inaweza kusahihishwa.

"Na nani anasahihisha?"

Nikamwambia yeyote. Akaniangalia juu ya miwani, vile aliangalia wanafunzi wasiofanya kazi ya nyumbani. Mimi nalipwa kutafsiri. Nilikuwa nimetumia jasho la watu wa Dar, Helsinki na Boston mwezi mzima, na sikuwa nimerudisha hata neno. Usiku huo kwake nilifungua akaunti ya kutafsiri na kusahihisha menyu kumi na moja. Mjomba alikaa kando akibishana nami kuhusu kila moja.

Niliporudi Kitengela nilimpitia fundi. Nilimwomba mashine moja kutoka kwa rafu yake ya zilizokataliwa, nimwekee Mint hapohapo, asilipe kitu. Akafikiria.

"Inafungua eCitizen?"

"Inafungua. Ni kivinjari tu."

"Na mteja akiuliza kama ni fake?"

Nilianza kumweleza juu ya bure na huru, akaniinua mkono ninyamaze. Alikuwa na mteja wa kioo cha simu. Lakini alinisogezea laptopu moja ya kizazi cha nne na waya wa chaja. "Weka kwa hii moja kwanza. Tuone kama itauzika."